Ibrahim Ag Alhabib wa Tinariwen: je, ni uhamisho uliolizaa gitaa la Watuareg?

Mchambuzi wa Pwani (mleta uzi)
Salaam, wanajukwaa. Kila ninaposoma habari za Ibrahim Ag Alhabib, mwanzilishi wa Tinariwen, kundi la muziki la Watuareg, watu wa jangwa la Sahara, nakutana na maelezo yale yale: alinyang'anywa baba, akafukuzwa kwao, akahuzunika, na huzuni ikawa gitaa. Sikatai kwamba aliumia. Alizaliwa yapata mwaka 1960 huko Tessalit, kaskazini mwa Mali, si mbali na mpaka wa Algeria, na katika uasi wa Watuareg wa 1963 baba yake alikamatwa na kuuawa na wanajeshi wa Mali kwa kosa la kuwasaidia waasi, wakati mtoto akiwa na umri wa takriban miaka minne. Mifugo ya familia iliangamizwa, naye akaenda Algeria pamoja na bibi yake, akakulia maeneo ya Bordj Badji Mokhtar na Tamanrasset.

Hoja yangu ni kwamba uhamisho haukumpa huzuni peke yake, maana huzuni angeipata hata Tessalit. Ulimpa vitu: sinema, redio, kaseti, vijana wenzake wasio na mifugo ya kuchunga, na hatimaye gitaa lenyewe. Alipoona filamu ya Kimarekani ambamo mwendesha ng'ombe alipiga gitaa, alijitengenezea la kwake kwa kopo, fimbo na waya wa breki za baiskeli. Mwaka 1979 hivi, akiwa Tamanrasset, akapata gitaa la kweli, akaanza kupiga na Inteyeden Ag Ablil na Hassan Ag Touhami kwenye harusi na mikusanyiko. Kama angebaki kwao akichunga mbuzi, nadhani tungekuwa na mtunzi mzuri wa mashairi ambaye hakuna mtu aliyemsikia nje ya Adrar des Ifoghas, milima ya kwao. Nipingeni.

Kinanda cha Mzee
Nakupinga kwenye kopo. Hadithi ya gitaa la kopo inapendwa sana na waandishi wa Ulaya, lakini sisi tuliokulia Songea tulitengeneza magitaa ya galoni kwa nyaya za aina hiyohiyo, na tulikuwa wengi. Katika kundi letu lote hakuna aliyefika hata kwenye bendi ya wilaya. Kopo lilikuwepo kila mahali Afrika, kwa hiyo kopo haliwezi kueleza kwa nini Sahara ilipata Tinariwen na mtaa wetu haukupata.

Mchambuzi wa Pwani
Mzee, shikamoo. Ndiyo maana sikuishia kwenye kopo. Huko Songea mlikuwa kwenu, mkiitwa nyumbani jua likizama. Yeye hakuwa na wa kumwita arudi.

Kinanda cha Mzee
Marahaba. Alikuwa na bibi yake, umesema mwenyewe.

Mwanafunzi wa Aljeri
Nimesoma Algeria kwa ufadhili wa serikali miaka ya 1980, kama Watanzania wengi wa wakati ule, na likizo moja tulishuka kusini hadi Tamanrasset kwa lori. Nitaeleza nilichokiona, kwa sababu mleta uzi ameanzia 1963 na ninaona ameruka ukame.

Vijana tuliowakuta pale hawakuwa wakimbizi wa vita. Walikuwa vibarua kutoka Mali na Niger: wajenzi, walinzi, wachimba visima, wachuuzi wa sigara. Wengi walikuwa watoto wa familia zilizopoteza ngamia na mbuzi katika ukame uliofikia kilele mwaka 1973, na wengine walikuwa wapya kabisa, waliosukumwa na ukame wa 1984. Mfugaji aliyepoteza mifugo hana cha kurudia hata kama hakuna askari anayemzuia mpakani. Waliishi pembezoni mwa mji bila hati, wakifukuzwa na kurudi, na jioni walikaa kuzunguka kinasa sauti kimoja. Kwenye mikahawa muziki uliosikika ulikuwa wa Wamoroko wa Nass El Ghiwane, rai, yaani muziki wa vijana wa Oran, Algeria, na nyimbo za Kimisri, halafu ghafla kaseti ya Bob Marley au Boney M.

Kwa hiyo mimi nasema chanzo ni ukame pamoja na mshahara wa kibarua. Mfugaji hupata utajiri unaotembea kwa miguu. Kibarua hupata fedha taslimu, na kwa fedha taslimu hununuliwa betri, kaseti tupu na nyuzi za gitaa. Kifo cha baba kinaeleza maisha ya Ibrahim, lakini hakielezi kwa nini mamia ya vijana wengine, ambao baba zao hawakuuawa, waliimba naye.

Binti Saida
Asante kwa ushuhuda huo. Nimesoma mabandiko yote na bado sijaona mwanamke hata mmoja, isipokuwa bibi aliyetajwa ili kumaliza mzaha.

Muziki wa Watuareg kabla ya gitaa ulikuwa kwa sehemu kubwa mikononi mwa wanawake. Tende, ile ngoma inayotengenezwa kwa kuwamba ngozi juu ya kinu, hupigwa na wanawake. Imzad, fidla ya uzi mmoja, hupigwa na wanawake pekee, na mwaka 2013 UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa binadamu kwa maombi ya Algeria, Mali na Niger. Teherdent, ambayo ni zeze la nyuzi tatu, ilipigwa na wanaume, lakini wa tabaka la wasanii wa kurithi. Kijana wa ukoo wa wafugaji hakuwa na ala aliyoruhusiwa kuishika bila kuvuka mstari fulani wa heshima. Gitaa lilikuwa ala isiyo na mwenyewe, na hapo ndipo ninapoona mlango.

Sikilizeni tena Tinariwen kwa makini, hasa makofi, vigelegele na kiitikio cha akina Mina Walet Oumar na Wonou Walet Sidati katika rekodi za mwanzo. Ni tende iliyohamishiwa kwenye nyuzi. Wanaume walichukua mpangilio wa mama zao, wakauwekea ala ngeni, kisha dunia ikawaita wabunifu.

Mwanafunzi wa Aljeri
Binti Saida, hoja ya ala isiyo na mwenyewe inanishawishi zaidi kuliko yangu, ingawa bado ilihitaji fedha za kuinunua.

Afande Mstaafu
Mnazungumza kana kwamba Libya haikuwepo. Mwaka 1980 Gaddafi aliwaita vijana wa Kituareg waliokuwa Libya bila vibali wajiunge na mafunzo ya kijeshi, na baadhi yao walipelekwa kupigana Lebanon na Chad. Ibrahim na wenzake walikuwa katika makambi hayo. Mwaka 1985 wakaingia kambi nyingine, na huko ndiko walikokutana na Keddou Ag Ossade na Mohamed Ag Itlale, yule aliyejulikana kama Japonais. Tinariwen kama tunavyoijua iliundwa na jeshi. Gaddafi ndiye aliyewapa magitaa.

Nimekaa kambini miaka mingi, na ninajua bendi ya kikosi inavyofanya kazi. Unakula, unalala, hulipi kodi, una muda wa kufanya mazoezi kila siku, na wasikilizaji wako hawawezi kuondoka. Hakuna shule ya muziki inayoshinda hiyo.

Kipanga Mweupe
Afande, heshima kwako, lakini tutenganishe mambo mawili. Wito ulikuwa wa Gaddafi. Walioendesha ile kambi ya 1985 walikuwa viongozi wa harakati za Watuareg wenyewe, na hao ndio walioelewa kwamba wimbo hufika mahali ambapo kipeperushi hakifiki, kwa kuwa watu wengi hawakusoma. Wanamuziki walikuwa na chumba cha kurekodia cha kuungaunga, nao wakatangaza kwamba yeyote atakayeleta kaseti tupu atarekodiwa bure. Kaseti hizo zilinakiliwa, zikanakiliwa tena, zikavuka jangwa mikononi mwa madereva wa malori na wasafirishaji wa magendo hadi vijiji ambavyo havikuwa na redio ya taifa. Mali ilizipiga marufuku, na marufuku ikazipandisha hadhi.

Kwa hiyo magitaa hayakuwa zawadi ya mtawala. Yalikuwa vifaa vya uenezi vya harakati iliyokuwa ikijitayarisha kurudi nyumbani kwa nguvu.

Afande Mstaafu
Na mafuta ya magari ya harakati hiyo yalitoka wapi?

Kipanga Mweupe
Sawasawa, hapo umenibana kidogo. Lakini mwaka 1989 waliondoka Libya, Ibrahim akarejea Tessalit baada ya miaka zaidi ya 25, na Juni 1990 uasi ukaanza kwa shambulio la Ménaka, mji wa kaskazini mwa Mali. Haikuwa ajenda ya Tripoli.

Mpiga Ridhimu wa Tanga
Ninaomba nilete mambo ya mikono, kwa maana mimi nimejaribu kuzipiga nyimbo hizi. Anayesema ni tende iliyohamishwa yuko sahihi nusu. Uzi mzito wa juu huachwa ulie mfululizo kwa kidole gumba, karibu bila kubadilika, huku vidole vingine vikicheza sauti tano tu kwenye nyuzi nyembamba, kwa kugonga na kuvuta kidole badala ya kupiga kila noti. Mabadiliko ya kodi za gitaa, yaani noti zinazopigwa kwa pamoja, tulizozoea katika dansi letu hayapo. Yule uzi unaolia ndio tende, nakubali. Lakini zile sauti za juu zinazojipinda kabla ya kutua ni za teherdent, na mpigaji wa zeze hilo akisikia solo la Ibrahim atatambua mbinu zake.

Na tafadhali, wale wanaosema mdundo huu umetokana na mwendo wa ngamia waache. Kila mwandishi huandika hivyo na kila mwandishi anayefuata hunakili. Wengi wa vijana hawa walikua wakipanda malori.

Nyota ya Ubelgiji
Mimi naishi Ulaya na nimewaona jukwaani. Kilichonishangaza ni kwamba wenzangu wote ukumbini waliusikia muziki ule kama blues ya Marekani, na walishangilia kwa kuwa waliamini wamekutana na asili ya kitu chao. Je, si jambo linalojulikana kwamba walijifunza kwa kusikiliza Hendrix na wenzake?

Kinanda cha Mzee
Bandiko la Mpiga Ridhimu limenifanya nitafute gitaa langu la zamani darini. Kuhusu blues: Tinariwen wenyewe wamesema mara nyingi kwamba hawakuwa wakiijua blues ya Marekani mpaka walipoanza kusafiri nje ya Afrika mwaka 2001. Walimfahamu Hendrix, Santana na Dire Straits kupitia kaseti, ndiyo, lakini huo si mkondo mmoja. Mimi ningetazama karibu zaidi. Kule Niafunké kwenye kingo za mto Niger alikuwepo Ali Farka Touré, aliyekuwa akipiga gitaa kwa mtindo wa kaskazini mwa Mali na kusikika redioni kabla Ibrahim hajapata gitaa lake. Ibrahim humtaja miongoni mwa waliomvutia. Kwa hiyo hata ndani ya Mali njia ilikuwa imekwisha kufyekwa, bila uhamisho wa mtu yeyote.

Mchambuzi wa Pwani
Hii ndiyo hoja inayonisumbua zaidi katika uzi mzima. Hata hivyo Ali Farka alikuwa na redio ya taifa nyuma yake, na Ibrahim alikuwa na taifa lililozipiga marufuku kaseti zake. Ala ni moja, lakini jamii ya wasikilizaji haikuwa moja.

Mwana wa Kigoma
Sijazoea kuchangia, ila hapa nina jambo. Nimezaliwa Burundi na kukulia katika kambi ya wakimbizi mkoani Kigoma. Tulikuwa na huzuni ya kutosha, tulikuwa na vijana wasio na kazi, na wengine walikuwa na magitaa. Nyimbo nyingi zilizotungwa zilibaki makanisani na kwenye sherehe, kwa sababu hapakuwa na njia ya kuzitoa nje ya uzio na kutoka kwenyewe kulihitaji kibali. Anayesema uhamisho huzaa muziki mkubwa angekaa nasi kidogo. Vijana wa Tamanrasset walikuwa na tatizo la hati, lakini walikuwa na njia za malori zinazokwenda pande zote. Mimi ningezitazama hizo njia kwanza.

Binti Saida
Pole na karibu, ndugu yetu. Bandiko lako linanikumbusha kundi la Tartit, lenye wanawake wengi wa eneo la Timbuktu, lililozaliwa katika mazingira ya ukimbizi miaka ya 1990. Wao walibaki na tende na imzad. Ukimbizi ule ule, jangwa lile lile, na gitaa halikutawala. Mwenye nadharia ya uhamisho aeleze hilo.

Kijana wa Pikipiki
Mimi kwa upande wangu naona mnamkweza Ibrahim kupita kiasi wakati Bombino, Mmali mwenzake, anapiga gitaa kwa kasi zaidi na yeye ndiye aliyeshinda Grammy.

Kipanga Mweupe
Kijana, umeweka makosa mawili katika sentensi moja. Omara Moctar, yaani Bombino, ni wa Niger, amezaliwa mwaka 1980 huko Tidene karibu na Agadez. Na Grammy ilichukuliwa na Tinariwen, mwaka 2012, kwa albamu ya Tassili. Bombino aliteuliwa kwa albamu ya Deran lakini hakushinda. Kasi nakuachia.

Ila umefanya vema kumtaja, kwa kuwa maisha yake yanaleta ugumu mwingine. Familia yake ilikimbilia Algeria mwaka 1990, akiwa mtoto, na huko jamaa zake wageni waliacha gitaa nyumbani, akaanza kulichezea. Baadaye, katika uasi ulioanza Niger mwaka 2007, serikali ililiona gitaa lenyewe kuwa alama ya waasi. Wenzake wawili wa bendi waliuawa na wanajeshi, naye akakimbilia Burkina Faso. Amani iliporudi, Januari 2010 alipiga muziki mbele ya msikiti mkuu wa Agadez kwa idhini ya Sultani. Huyu gitaa alikuwa nalo tayari, na uhamisho wa pili ulimkuta kwa sababu ya gitaa. Ni kinyume cha mpangilio wa mleta uzi.

Kijana wa Pikipiki
Nashukuru kwa elimu, lakini kwenye kasi sirudi nyuma. Sikilizeni Nomad, ile ya 2013 aliyorekodi Nashville na Dan Auerbach.

Mpiga Ridhimu wa Tanga
Kasi anayo. Ibrahim hupiga noti chache kwa sababu anaimba mashairi na anataka yasikike. Hizo ni kazi mbili tofauti, na mimi nikiwa kwenye harusi ningemchagua kijana wako, na nikiwa peke yangu usiku ningemchagua mzee.

Mwanafunzi wa Aljeri
Nina swali ambalo pengine lingekuja mwanzo. Kwa nini tunauita uhamisho? Tamanrasset ni mji wa Hoggar, na Hoggar ni nchi ya Watuareg. Mipaka ya Mali, Niger, Algeria na Libya ilichorwa juu ya maeneo ambayo babu zao waliyapita kila msimu. Mtu anayetoka Tessalit kwenda Tamanrasset huwakuta watu wa lugha ya karibu na yake, na pengine jamaa. Ninaona kwamba sisi, tuliozoea mipaka ya mwaka 1960 na kuendelea, ndio tunaoona mgeni pale ambapo yeye huenda alijiona msafiri.

Afande Mstaafu
Polisi wa mpakani huwa hawaulizi babu yako alipita wapi.

Mchambuzi wa Pwani
Afande ameniokoa. Mtu anaweza kuwa miongoni mwa ndugu na bado akaishi bila hati, bila mifugo na bila haki ya kukaa. Nyimbo za Ibrahim zinazungumzia upweke na kukumbuka kwao, na mtu hakumbuki hivyo akiwa kwao. Lakini naona pia kwamba sasa tunabishana kuhusu mahali mtu anapoamini kwamba ni kwake, na hapo sina ramani.

Kipanga Mweupe
Ongeza yaliyotokea baadaye, ndipo neno uhamisho litakuwa gumu zaidi. Baada ya mkataba wa amani wa Tamanrasset wa Januari 1991 wengi wao waliacha bunduki. Mwaka 1992 baadhi walikwenda Abidjan kurekodi kaseti. Mwaka 2001 ikatoka albamu yao ya kwanza iliyofika Ulaya, waliyorekodi katika Redio Tisdas ya Kidal, kaskazini mwa Mali, wakisaidiwa na Justin Adams na watu wa kundi la Kifaransa la Lo'Jo, na mwezi Januari wa mwaka huohuo kukawa na Tamasha la Jangwani kule Tin Essako. Kwa muongo mmoja hivi Ibrahim alikuwa mtu wa kwao anayesafiri kikazi. Tuzo ya Grammy ilitolewa Februari 2012, wiki chache baada ya uasi mpya kuanza Ménaka mwezi Januari. Aprili Azawad, yaani kaskazini mwa Mali, ikatangazwa kuwa huru, na miezi michache baadaye kaskazini ilikuwa chini ya makundi yenye silaha yaliyopiga marufuku muziki. Mmoja wa wapiga gitaa wa Tinariwen, Abdallah Ag Lamida, alikamatwa na Ansar Dine, mojawapo ya makundi hayo, alipokuwa akijaribu kuokoa magitaa, kisha akaachiliwa.

Na kiongozi wa Ansar Dine alikuwa nani? Iyad Ag Ghaly, aliyeongoza uasi wa 1990 na aliyekuwa karibu na wanamuziki hawa enzi za makambi. Kwa hiyo nadharia ya Afande inatakiwa ieleze kwa nini kambi ile ile ilitoa wapiga gitaa na pia mtu aliyekuja kulipiga gitaa marufuku.

Afande Mstaafu
Kambi haitoi watu wa aina moja. Hilo nalijua kuliko ninyi nyote.

Nyota ya Ubelgiji
Tangu hapo wamekuwa wakirekodi popote. Albamu ya Emmaar ilirekodiwa Joshua Tree, jangwa la California, kwa kuwa nyumbani hapakuwa salama. Sehemu ya Elwan ilirekodiwa M'Hamid, kusini mwa Moroko. Amatssou ya 2023 ilirekodiwa ndani ya hema huko Djanet, Algeria. Novemba mwaka huohuo jeshi la Mali, likisaidiwa na Warusi wa Wagner, liliingia Kidal. Mtoto aliyepelekwa Algeria miaka ya 1960 anarekodi Algeria tena akiwa na umri wa zaidi ya miaka 60. Na muziki haukubadilika sana kati ya Kidal na California, jambo ambalo linaninyima raha kuhusu nadharia yoyote inayotegemea mahali.

Binti Saida
Haukubadilika kwa sababu makofi ni yale yale.

Kinanda cha Mzee
Au kwa sababu mtayarishaji anajua wanunuzi wa Ulaya wanataka usibadilike. Linganisheni kaseti za miaka ya 1980 na albamu za baada ya 2004, msikie kinanda na mashine ya ngoma vilivyokuwa vikiruhusiwa katika kaseti nyingi za Sahara kabla ya wateja wa mbali kuanza kudai jangwa safi. Mpiga Ridhimu, ule uzi mzito unaufunga sauti gani? Langu limekatika waya mmoja na nataka kujaribu kabla sijanunua seti nzima.

Mpiga Ridhimu wa Tanga
Usinunue seti, mzee. Funga kama kawaida, weka kapo, kile kibanio cha nyuzi, tundu la pili au la tatu kulingana na koo lako, kisha uache uzi wa juu ulie wazi. Kuhusu wateja wa Ulaya sikubaliani nawe hata kidogo, maana kaseti nilizosikia za mwanzoni zina magitaa mawili na makofi tu, lakini hilo nitalileta kesho pamoja na mifano.